Alama za Hiari katika Msimbo: Kompyuta Yaridhika, Msomaji Je?

Mhudumu wa afya anayejifunza R, lugha ya programu itumikayo kuchambua takwimu, hugundua mapema kwamba baadhi ya alama si za lazima. Ziwepo au zisiwepo, kompyuta hutoa jibu lile lile. Je, aziandike au aziache?

Tuchukue mfano wa uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu. Mtu ana kilo 70 na urefu wa mita 1.75. Twaweza kuandika:

uzito / urefu^2

au:

uzito / (urefu^2)

Mistari yote miwili hutoa takriban 22.9, kwa kuwa R hukokotoa kipeo kabla ya kugawanya. Lakini msomaji aliyefundishwa MAGAZIJUTO shuleni hakuoneshwa humo mahali pa kipeo. Akianza kugawanya atapata 40, kisha 1,600. Mabano humwondolea shaka hiyo.

Tena, mwenzake akibadili kipeo kuwa urefu * urefu pasipo mabano, R itajibu 70. Mtu mwenye uzito wa kawaida ataorodheshwa kuwa mnene kupita kiasi, wala kompyuta haitatoa onyo lolote. Mabano yakiwapo tangu awali, kosa hilo halipati mlango.

Hata hivyo, si kila alama ya hiari inafaa. R huruhusu nukta mkato mwishoni mwa mstari, ilhali mstari wenyewe umekwisha kutenganisha amri. Hapo nukta mkato hujaza ukurasa tu.

Kanuni hii si ngeni wodini. Kihesabu, miligramu .5 na 0.5 ni kiasi kimoja. Lakini nukta ikififia kwenye cheti cha dawa,.5 husomwa 5, na mgonjwa hupewa dozi mara kumi ya iliyokusudiwa. Ndiyo maana sifuri ya mbele huandikwa. Kinyume chake, 5.0 yaweza kusomwa 50. Basi sifuri ya nyuma huachwa.

Mwanafunzi wa lugha mpya na ajiulize basi: alama hii itamwongoza atakayesoma baada yangu, au itamtatiza? Nawe mgonjwa, ukiona kipimo cha dawa kisichosomeka vyema, muulize mfamasia kabla ya kumeza.