Nauli ya Kurudi: Mafunzo Niliyopata kwa Tippu Tip na kwa Vijana wa Tumbaku

Kwetu Heru Juu, katika nchi ya Buha, mkubwa alijulikana kwa ng'ombe wake. Huko chini ziwani, Ujiji, kulikuwa na ukubwa wa namna nyingine, wa pembe za ndovu na wa watu waliofungwa minyororo. Mimi ni Muha na nafundisha historia. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia habari za Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip. Wengi humkumbuka kwa misafara yake ya pembe na watumwa. Mimi kilichonishika ni uzee wake, alipokuwa bwana shamba wa mikarafuu Unguja, maana mambo yaliyowadhoofisha yeye na wenzake nayaona hadi leo katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, wanakokwenda vijana wetu.

1. Bwana mkubwa naye ana anayemdai

Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Msomaji anayetafuta vita atavipata, lakini hesabu zimejaa pia: frasila za pembe, nguo, shanga, nani anamdai nani. Misafara ile iliendeshwa kwa mali ya mkopo kutoka kwa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, na kwake yeye mkubwa wao alikuwa Taria Topan.

Wenye mashamba waliishi vivyo hivyo. Waliweka shamba rehani, wakanunua watumwa, wakangojea karafuu. Karafuu zilipojaa sokoni, bei ikaanguka. Mwaka 1872 kimbunga kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini, na soko la watumwa la Mjini likafungwa. Mkarafuu mchanga hungojewa miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na deni halingoji. Anayedhani mabwana wale waliangushwa na amri moja tu ya Waingereza hajaangalia rehani zao.

2. Waha hawakungoja kuhurumiwa

Hili nalisema kwa fahari. Mwezi Novemba 1871, Stanley akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita Buha na kutozwa hongo, yaani ushuru wa njia, ya nguo tena na tena, hata akaona heri apenyeze msafara wake usiku, kimya, nje ya njia. Katika kitabu chake amewaeleza Waha kama wanyang'anyi. Mimi nawaona watu waliojua nchi ni yao na apitaye alipe. Sisemi hakuna Muha aliyefikishwa Ujiji kwa nguvu. Nasema tawala za milimani zilikuwa na uwezo wa kusema hapana, na uwezo huo ni sehemu ya historia ya utumwa ambayo wanafunzi wangu hawaikuti vitabuni kwa urahisi.

3. Fidia ilikwenda kwa bwana

Tippu Tip aliondoka Kongo, kwenye himaya yake ya bara, mnamo 1890, na asingerudi tena. Stanley alikuwa amemfungulia kesi Zanzibar, na fedha za Tippu Tip zilizokuwa kwa Taria Topan zikazuiwa. Mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893 katika vita dhidi ya majeshi ya Mfalme Leopold. Rumaliza, mshirika wake wa Ujiji, alishindwa vitani, naye baadaye akamgeukia mzee kwa madai ya mali mahakamani. Himaya nzima ya bara ikaporomoka kwa miaka michache. Kilichobaki ni mashamba ya Unguja. Husimuliwa kuwa yalikuwa saba, yenye watumwa wapatao 10,000.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud akatoa amri kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mtumwa. Ukiisoma haraka utashangilia. Isome polepole. Uhuru haukumfuata mtumwa shambani, ilimpasa yeye aende kuuomba. Aliyeachiwa huru akaonekana hana makao wala kazi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria hawakuhusika mpaka mwaka 1909. Na fidia alipewa bwana. Aliyepalilia na kupanda juu ya mikarafuu maisha yake yote hakulipwa hata mwaka mmoja wa jasho lake. Jambo hili hunikasirisha kila ninapolifundisha, na sitaki lizoeleke.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa nusu ulitosha kubadili mambo. Wengi walibaki mashambani kwa masharti mapya: kipande cha kulima muhogo, na kwa malipo yake siku kadhaa za kazi kwa mwenye shamba. Msimu wa kuchuma bwana akahitaji mikono mingi kwa wakati mmoja, na mikono ile sasa iliuliza ujira. Kwa mwenye rehani nzito, fidia haikukaa mfukoni. Tippu Tip mwenyewe alifariki Juni 1905, bado akiwa mtu mwenye mali. Tabaka lake ndilo lililoendelea kudidimia katika madeni.

Upande wetu wa bara, Wajerumani waliutoza utumwa kodi na kuuwekea taratibu, wakatangaza kuwa huru watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905. Marufuku kamili ililetwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922.

4. Reli ikaja, nasi tukawa manamba

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Waliojua kutoza hongo wakaanza kutozwa kodi, na kodi ikawasukuma kwenye mkonge wa Tanga kama manamba, vibarua wa mkataba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuandikisha watu, SILABU, na Buha ikawa moja ya visima vyao. Wazee wa kwetu waliokwenda waliwasimulia watoto wao zaidi habari za safari ya kurudi kuliko habari za mkonge.

5. Msimu mzima bila shilingi

Urambo ilipata mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, ulioshindwa. Tumbaku ndiyo iliyokaa. Kijana wa Kasulu au Kibondo huchukuliwa na mtu anayemfahamu, hulipiwa nauli, huambiwa atalipwa tumbaku ikiuzwa. Ananyweshea vitalu, anakata kuni, anavuna, anakesha kwenye mabani ya kukaushia tumbaku akichochea moto. Chakula, dawa na ile nauli huandikwa daftarini. Soko likifika, makato ya chama cha msingi kwa pembejeo hutangulia, kisha tajiri anatazama kilichobaki, kisha ndipo anamkumbuka kijana. Wapo wanaolipwa vizuri, nimewaona wakirudi na mabati. Wapo wanaofukuzwa siku chache kabla ya malipo.

Siuiti huu utumwa wa Unguja, maana hakuna mahakama inayosema kijana huyu ni mali ya mtu. Lakini mkulima mdogo anayedaiwa, akiwa na kibarua asiye na nauli ya kurudi, amesimama penye msingi ule ule uliomponyoka bwana wa karafuu. Na tunayo sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Mtoto anayetolewa darasani kupelekwa kwenye mabani analindwa nayo, ikiwa kuna mtu mzima wa kuripoti.

Vijana wakiniaga, huwaomba tupite kwanza kwa mtendaji wa kijiji na huyo anayewachukua. Tunaandika jina la kijiji wanakokwenda, kiasi cha ujira, sehemu yake itakayolipwa kila mwezi, na nauli ya kurudi inawekwa mikononi mwa kijana kabla hajapanda gari. Baadhi ya wachukuaji wakisikia hilo la nauli huondoka peke yao.