Baba Aliyejenga Pamoja na Mwanawe

Ndugu zetu, tumkumbukapo Nabii Ibrahim, alayhi ssalaam, tusisahau ya kuwa alikuwa baba na mjenzi. Alipoamrishwa kuijenga Alkaaba hakumlazimisha mwanawe. Alimwuliza kama atamsaidia, naye Ismail akakubali. Mwana akileta mawe, baba akijenga, hata kuta zilipomzidi kimo akasimama juu ya jiwe. Wala hawakujisifu, bali walimwomba Mola wao awapokelee kazi yao.

Sisi twawajengea wana wetu nyumba, nao tukisha kufa huzigombania mbele ya Kadhi. Tuliwajengea, hatukujenga pamoja nao. Basi mwenye mwana na amshirikishe katika kheri kabla hajafa, kwani mwana mwema amwombeaye mzazi wake ni katika amali zisizokatika kwa mauti.