Jasho Lisiloonekana

Watu wengi hudhani kwamba mwili hupungukiwa maji kwa sababu mbili tu: maradhi ya kuhara na kutapika, au ukosefu wa maji ya kunywa. Mwanafunzi wa Shinyanga hana budi kuongeza sababu ya tatu, nayo ni jasho lake mwenyewe, hasa lile asiloliona.

Lita moja ya jasho ikigeuka kuwa mvuke huondoa mwilini kiasi cha kilojuli 2,400 za joto. Wakati wa kiangazi hewa ya Shinyanga huwa kavu, na jasho hukauka mara litokapo. Mvunaji wa pamba akipapasa paji la uso wake hukuta pakavu, pengine pana chembechembe za chumvi, akaamini kwamba hakutoka jasho. Chembe hizo ndizo ushahidi wa maji yaliyokwisha kwenda zake.

Ndani ya duara la mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita, mambo ni kinyume. Hewa imetulia na imejaa unyevu. Jasho haligeuki mvuke bali hutiririka. Maji yanapotea, joto linabaki, nao mwili huzidi kutoa jasho. Katika kazi ngumu namna hiyo mtu aweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa.

Kiu si mlinzi hodari. Mara nyingi huja baada ya mwili kupoteza asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni gramu 600 hadi 1,200. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili kwa mizani tu. Mpime mwanafunzi kabla na baada ya saa moja ya kandanda, akiwa amejifuta jasho na amevaa nguo nyepesi zilezile. Asizuiwe kunywa, maji aliyokunywa yapimwe na yajumlishwe katika hesabu. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja.

Lakini je, maji matupu yatosha? Mwaka 1923, K. N. Moss alieleza habari za wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliotoka jasho jingi, wakanywa maji mengi, kisha wakashikwa na mikakamao mikali ya misuli. Jasho huondoka na chumvi. Maji matupu huizimua ile iliyobaki. Kwa kawaida chumvi ya mboga tulayo na ugali hufidia upungufu huo. Aliye hatarini zaidi ni yule ashindaye duarani tangu alfajiri bila kula, huku akinywa maji dumu kwa dumu. Huyo apewe chakula chenye chumvi pamoja na maji.

Akianza kuweweseka au kupepesuka, atolewe nje upesi, alazwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa wakati usafiri wa kwenda hospitali unatafutwa.