Jua Haki Zako: Mwanariadha Ukiitwa Kupimwa Jinsia

Tangu Septemba 1, 2025, mwanamke anayetaka kukimbia, kuruka au kutupa katika mashindano yanayohesabiwa kwenye viwango vya dunia lazima kwanza apimwe jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye kromosomu Y. Kipimo chenyewe ni chepesi. Pamba hupitishwa ndani ya shavu au hutolewa damu kidogo, na hufanywa mara moja tu maishani. Jibu lake ndilo zito.

Vijiweni hapa huchanganywa mambo mawili. Wapo waliobadili jinsia, yaani mtu aliyezaliwa akaandikwa mvulana na sasa anaishi kama mwanamke. Hao Shirikisho la Riadha Duniani liliwafungia mbio za wanawake kuanzia Machi 31, 2023, iwapo walishabalehe kiume. Halafu wapo wanawake waliozaliwa hivyo walivyo, wakalelewa wasichana, ila maumbile yao ya ndani yana tofauti ambayo pengine hata mama mzazi hakuijua. Hawa hawakubadili chochote. Afrika Mashariki tumeumia zaidi kwa kundi hili la pili. Washindi watatu wa mita 800 Olimpiki ya Rio 2016, Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, wote walikuja kuzuiwa na kanuni za kiwango cha homoni ya testosteroni. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, ambako kanuni hizo zilikuwa hazijafika, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Miaka miwili baadaye kanuni ikapanuliwa hadi mbio zote.

Sasa haki zako. Ya kwanza ni ridhaa. Kanuni za shirikisho zenyewe zinasema hakuna anayelazimishwa kupimwa wala kutibiwa. Ukikataa, hutashiriki mashindano hayo, basi. Hakuna wa kukushika mkono. Upasuaji haukubaliki kabisa kuingizwa kwenye mazungumzo na kocha, meneja au ofisa yeyote kama sharti la kurudi uwanjani. Annet Negesa wa Uganda alisimulia hadharani mwaka 2019 kwamba alifanyiwa upasuaji mwaka 2012 bila kuelezwa sawasawa madhara yake. Shirikisho lilikana kuhusika, lakini mbio zake hazikurudi. Fomu ukiletewa, iombe kwa lugha unayoielewa, ondoka nayo, ukaisome na mtu unayemwamini. Ukiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi lazima ahusishwe. Kwa Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto huntha, yaani aliyezaliwa na tofauti hizo za maumbile, dhidi ya kubadilishwa au kuondolewa viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa vinasaba.

Ya pili ni siri. Majibu ya vinasaba si mali ya timu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inayaweka katika data nyeti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akipenyeza mtu majibu yako kwenye kundi la WhatsApp au kwa mwandishi wa habari, hifadhi ushahidi mara moja: picha ya skrini, tarehe, namba iliyotuma. Mkenya atalalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kumaliza malalamiko. Mtanzania ataenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wengi hunyamaza kwa aibu, na hapo ndipo wavujishaji wanapopata ujasiri.

Kuna jambo naliona likipuuzwa: kanuni hii ni ya mashindano yanayohesabiwa kwenye viwango vya dunia. Mwalimu wa michezo au mwenyekiti wa mbio za mtaani hana mamlaka ya kumpeleka msichana chooni "kumhakikisha". Kumvua mtu nguo umkague ni kuvunja utu wake, unaolindwa na kifungu cha 28 cha Katiba ya Kenya, na huweza kuwa jinai. Peleka malalamiko polisi.

Jibu likitoka kuwa una SRY, bado hujafungiwa. Dai nakala yako, kisha uchunguzi wa daktari bingwa. Wapo wenye jeni hiyo ambao mwili wao hauisikii kabisa homoni ya testosteroni, na kanuni inawaruhusu kuendelea kushindana na wanawake.

Ukizuiwa, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki hiyo uamuzi wa kiutawala unapokuumiza. Uamuzi ukiwa wa shirikisho la taifa, angalia kama kanuni zake zinaruhusu rufaa kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Ukiwa wa shirikisho la dunia, njia ni Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, Uswisi. Ina mfuko wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, omba mapema.

Usitarajie mteremko. Mwaka 2019 CAS ilimwambia Semenya kwamba kanuni za homoni ni za kibaguzi, ila zinahitajika kulinda ushindani wa wanawake. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mashindano ya wanawake yapo kwa sababu balehe ya kiume huleta nguvu na kasi, na washindani wenzako nao wana haki. Lakini mpaka ukiwepo, lazima anayewekewa asikilizwe kikamilifu. Julai 10, 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mahakama kuu ya Uswisi haikuipitia kesi ya Semenya kwa uzito uliostahili, ikaiamuru Uswisi ilipe euro 80,000 za gharama. Kanuni zenyewe haikuzifuta.

Kwa hiyo ukipokea barua, mtafute wakili siku hiyohiyo. Kwa kawaida rufaa ya CAS hufungwa siku 21 baada ya kupokea uamuzi, isipokuwa kanuni za shirikisho husika zimeweka muda mwingine.