Till au paybill? Anza na unachotaka kujua

Tuseme unauza samaki Msambweni. Asubuhi wateja wamejaa na kila mmoja ana haraka. Unachohitaji ni kujua pesa imeingia na ni ngapi. Hapo till inatosha: mteja anaweka nambari ya till, kiasi na PIN, basi.

Sasa mchukue mwenye nyumba wa Ukunda, vyumba kumi vya kupangisha. Tarehe 5 inaingia 4,500 mara sita. Ni chumba gani kimelipiwa? Jina linalokuja ni la aliyetuma, na mara nyingi aliyetuma ni kaka wa mpangaji, yuko zake Mombasa. Ukibahatisha, utamgongea mlango mtu ambaye ashalipa. Huyu anahitaji paybill, ile inayouliza nambari ya akaunti. Mpangaji anaandika nambari ya chumba, na mfumo unaihifadhi pamoja na malipo.

Swali hilo moja la ziada ni hitaji la biashara lililogeuzwa kuwa sehemu ya mfumo. Mafundi wa programu huita kazi hiyo usanifu.

M-Pesa yenyewe ilipita njia hiyo. Majaribio ya 2005 yalilenga ulipaji wa mikopo midogo, lakini watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikobebwa mbele. Na kwa kuwa wengi walikuwa na simu za kawaida, menyu iliwekwa kwenye laini, si kwenye intaneti. Ndiyo maana kabambe bado inatuma.

Kwa hiyo ukitafuta kijana akutengenezee programu ya shule au nyumba za wageni Diani, usianze na rangi za skrini. Mwambie unataka kujua nini jioni ukifunga hesabu. Halafu muulize: mtandao ukipotea katikati ya malipo, itakuwaje? Mteja asipoona meseji hulipa tena. Kila muamala una nambari yake. Taarifa ikifika mara mbili na nambari ile ile, programu iihesabu mara moja. Nambari zikiwa mbili tofauti, mteja amelipa mara mbili, na cha ziada arudishiwe.

Mpaka programu iwe tayari, soma meseji iliyoingia kwenye simu yako mwenyewe, si ile unayoonyeshwa na mteja.