Somo la Sita: Mtandaopepe wa Simu Yako Unapogoma



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza namna ya kuhakiki laini na namna ya kusoma masharti ya kifurushi. Katika somo hili tunashughulikia jambo linalowasumbua wengi hasa nje ya miji mikubwa: simu ya Android inayotumika kugawa intaneti kwa kompyuta au kwa simu nyingine, kisha kazi ikakwama njiani. Ugawaji huo kupitia Wi-Fi ndio tunaouita mtandaopepe; wengi mitaani huuita hotispoti.

Ukimaliza somo hili utaweza kutambua tatizo liko wapi kabla hujatumia fedha kulitatua, utajua hatua za kuchukua kwa mpangilio, na utajua ni wakati gani jambo hilo si lako tena bali ni la mtoa huduma wako.

Mfano wetu

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la steshenari katika njiapanda ya Kidahwe, pale barabara itokayo Kigoma Mjini inapoachana, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza. Dukani mwake kuna kompyuta moja na mashine ya kuchapa. Intaneti yote inatoka katika simu yake yenye laini mbili: laini ya kwanza ina kifurushi cha data, laini ya pili ndiyo inayojulikana na wateja.

Alasiri moja anakuja kijana aliyemaliza kidato cha sita. Anataka kutuma maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na muda wa mwisho ni usiku wa siku hiyo. Fomu inajazwa vizuri, lakini kila wanapopakia vyeti, ukurasa unagoma katikati. Wanarudia mara tatu. Mama anahisi kifurushi kimekwisha, ananunua kingine. Bado. Mtu aliyesimama mlangoni anashauri simu ipelekwe kwa fundi "ikaflashiwe". Jua linazama.

Tutarudi kwa mama huyu na kijana wake. Kwanza tuuelewe mnyororo.

Mnyororo wa pingu tatu

Intaneti inayofika kwenye kompyuta kupitia simu hupita katika pingu tatu. Pingu ya kwanza ni kati ya mnara na simu. Ya pili ni ruhusa: salio la kifurushi, aina ya kifurushi, na mipangilio ya laini. Ya tatu ni kati ya simu na kompyuta. Pingu moja ikikatika, mtumiaji aliyeketi mbele ya kompyuta huona jambo lilelile: hakuna intaneti. Ndiyo maana kubahatisha kunagharimu.

Jaribio la kwanza, ambalo halina gharama kubwa, ni hili: chukua simu yenyewe inayogawa, zima Wi-Fi yake, kisha fungua ukurasa wowote ambao hujaufungua siku hiyo. Ukifunguka, pingu ya kwanza na ya pili zinaelekea kuwa nzima. Tafuta tatizo katika pingu ya tatu. Usipofunguka, iache kompyuta. Tatizo liko kwenye simu, kwenye kifurushi au kwenye mnara.

Dalili ya kwanza: mtandaopepe haukubali kuwaka

Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na intaneti. Angalia mambo matatu. Je, Kiokoa Data kimewashwa? Katika simu nyingi za Android, kikiwa kimewashwa mtandaopepe haufanyi kazi. Je, Kiokoa Betri kimewashwa? Baadhi ya simu huzima mtandaopepe ili kuhifadhi chaji. Je, simu iko katika hali ya ndegeni? Ukishahakikisha yote matatu yamezimwa, zima simu na kuiwasha upya.

Dalili ya pili: umewaka, lakini kifaa kingine hakiuoni

Wi-Fi hutumia masafa ya aina mbili yaliyo ya kawaida: GHz 2.4 na GHz 5. Masafa ya GHz 5 yana kasi, lakini hayapenyi kuta vizuri, na kompyuta au simu za zamani haziyaoni kabisa. Fungua mipangilio ya mtandaopepe na uchague GHz 2.4, katika baadhi ya simu chaguo hilo linaitwa kuongeza upatanifu. Hakikisha pia kuwa jina la mtandaopepe halikufichwa.

Dalili ya tatu: unaonekana, lakini hauungani

Mara nyingi ni nenosiri. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na nafasi iliyoachwa mwishoni bila kujua huhesabika. Kwenye kifaa kinachopokea, chagua kusahau mtandao huo, kisha uandike nenosiri upya. Ikiwa ni simu, unaweza pia kuiskani picha ya msimbo wa QR inayoonyeshwa na simu inayogawa. Kumbuka kwamba kila simu ina kikomo cha vifaa inavyoweza kuvihudumia kwa pamoja. Kikomo kikifikiwa, anayekuja baadaye hukataliwa hata akiwa na nenosiri sahihi.

Dalili ya nne: umeungana, lakini hakuna intaneti

Hapa ndipo penye mambo mengi, nasi tunaomba msomaji asiharakishe.

*Kifurushi.* Angalia salio kwa namba ya menyu ya mtoa huduma wako. Angalia pia aina yake. Kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee kitafungua ujumbe na picha, lakini hakitafungua tovuti ya maombi ya mkopo. Mtumiaji huona "data ninayo", na ni kweli anayo, ila si ya kazi hiyo.

*Laini mbili.* Hakikisha laini iliyochaguliwa kwa ajili ya data ndiyo yenye kifurushi. Simu ikizimwa na kuwashwa, au laini zikihamishwa, uchaguzi huu unaweza kubadilika.

*Tarehe na saa.* Simu au kompyuta iliyoishiwa chaji kabisa inaweza kurudi na tarehe ya miaka ya nyuma. Tovuti salama zitakataa kufunguka. Rekebisha tarehe kwanza.

*APN.* Haya ni maelezo yanayoiambia simu ipite mlango upi wa mtandao. Simu iliyonunuliwa nje ya nchi au iliyobadilishiwa laini inaweza kuwa na maelezo yasiyo sahihi. Mpigie mtoa huduma akutumie maelezo yake; usinakili ya mtandao mwingine.

*Mtandao wa nchi jirani.* Hili ni la mkoa wetu. Katika vijiji vya mpakani kama Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na Manyovu, simu inaweza kuuacha mnara wa nyumbani na kushika wa Burundi. Data itakatika, au ikiwa rominga imewashwa, salio litakwenda kwa bei ya kigeni. Zima rominga ya data, na uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

Dalili ya tano: unafanya kazi, kisha unakatika

Simu nyingi huzima mtandaopepe zenyewe zikikaa muda bila kifaa kilichoungana. Chaguo hilo linaweza kuondolewa. Simu iliyoachwa juani nayo hupunguza nguvu ili isipate moto kupita kiasi.

Angalia pia alama iliyo juu ya kioo. Ikiwa 4G imegeuka kuwa herufi E, simu imeshuka kwenye mtandao wa zamani unaotosha sauti na ujumbe mfupi, lakini usioweza kubeba vyeti vilivyoskaniwa. Katika nchi yenye vilima kama Kigoma, hatua chache huleta tofauti kubwa. Paa la bati na kuta nene hudhoofisha mawimbi ya mnara. Basi usiiweke simu pembeni ya kompyuta kwa mazoea. Iweke dirishani, panaposhika vizuri, na uache mtandaopepe uvuke chumba. Umbali wa mita chache kati ya simu na kompyuta si taabu, wakati umbali kati ya simu na mnara ndio wenye shida.

Sasa turudi Kidahwe. Mama alifanya jaribio letu la kwanza: simu yenyewe ilifungua ukurasa. Kifurushi kilikuwepo, tena viwili. Mtandaopepe ulionekana na kompyuta ikaungana. Ndipo kijana alipotambua jambo: kila mara kazi ilipokwama, mama alikuwa akizungumza na mteja kwenye laini ya pili.

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Katika simu nyingi za laini mbili, mazungumzo kwenye laini moja husimamisha data ya laini nyingine. Hata kwenye laini moja, ikiwa simu au mtandao hautumii sauti kupitia 4G, yaani VoLTE, simu ikiita hushuka kwenye mtandao wa zamani na data hudhoofika au hukatika. Upakiaji wa vyeti, unaohitaji dakika kadhaa mfululizo, haustahimili hali hiyo. Mama aliiondoa laini ya pili na kuiweka kwenye simu yake ndogo ya vitufe, na vyeti vikapanda kwa mara moja. Kifurushi cha pili hakikuhitajika, wala fundi.

Kwa mwenye biashara ya aina hii tunashauri pia waya wa USB. Simu huunganishwa na kompyuta kwa waya, kisha huchaguliwa kusambaza mtandao kwa USB. Chaji haiishi, nenosiri halihitajiki, na hakuna mpita njia atakayejiunga.

Data inapoisha kabla ya wakati

Kompyuta ikiona Wi-Fi hudhani iko kwenye intaneti isiyopimwa, na huanza kujisasisha yenyewe. Katika mipangilio yake, weka alama kwamba mtandao huu hupimwa. Kwenye simu zinazopokea, zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja. Kumbuka kuwa, kwa kanuni ndogo za vifurushi za mwaka 2021, mtoa huduma anapaswa kukuarifu matumizi yako yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi. Usiufute ujumbe huo bila kuusoma.

Nenosiri ni kama ufunguo wa nyumba

Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Yeyote anayepita kwenye mtandaopepe wako anaonekana huko nje kama wewe. Akitumia intaneti hiyo kutapeli au kutukana, uchunguzi utaanza kwa mwenye laini, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 si ya mzaha. Ukarimu ni sifa yetu, lakini badilisha nenosiri baada ya wageni kuondoka, usitumie namba yako ya simu kuwa nenosiri, na zima mtandaopepe ukimaliza kazi.

Vivyo hivyo, ukitumia Wi-Fi ya nyumba ya wageni au ya stendi, usifanye miamala ya fedha humo. Tumia data yako.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Hatua ya mwisho iliyo mikononi mwako ni kuweka upya mipangilio ya mtandao. Hufuta mitandao ya Wi-Fi iliyohifadhiwa na vifaa vya Bluetooth. Picha, namba na ujumbe havifutiki. Soma vizuri kabla ya kubonyeza, kwa sababu chaguo la kufuta data yote liko karibu nalo, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Ikilazimu kwenda kwa fundi, toa laini zako kwanza na ubaki nazo. Hakuna tatizo la Wi-Fi linalohitaji namba ya siri ya fedha za simu. Anayeiomba hatengenezi simu.

Tatizo likiwa si lako

Ikiwa simu za jirani zenye mtandao uleule nazo hazina data, tatizo liko kwa mtoa huduma. Piga namba 100, eleza kijiji, siku na saa, na uombe namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Usiporidhika na majibu, lete malalamiko yako kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na namba hiyo. Malalamiko yenye tarehe na mahali hutusaidia kufuatilia. Yale ya "mtandao mbovu" pekee hayana pa kushikia. Kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako piga *106#, na ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Maswali ya kujipima

1. Simu inafungua tovuti, kompyuta haifungui. Utaanza kutafuta tatizo kwenye pingu ipi?
2. Una kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee. Kwa nini tovuti ya serikali haifunguki?
3. Mtandaopepe hukatika kila simu inapoita. Taja sababu mbili na suluhisho moja.
4. Ni kitu gani utakitoa kwenye simu kabla ya kumkabidhi fundi, na ni namba gani hutamtajia kamwe?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jaribu hatua hizi nyumbani leo, wakati hakuna haraka. Siku ya fomu yenye muda wa mwisho itakukuta tayari umeijua simu yako.