Chuo Kikuu au Ufundi? Fundisho kwa Wazazi

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotangazwa, nyumba moja hupiga vigelegele, na nyumba ya pili huinamisha vichwa kana kwamba imefiwa. Aliyefaulu huambiwa, "Utakwenda chuo kikuu." Aliyekosa huambiwa, "Basi, nenda ukajifunze ufundi." Maneno hayo hutamkwa upesi bila kufikiri, nayo yamebeba kosa kubwa: kwamba chuo kikuu ni zawadi na ufundi ni adhabu. Leo twapenda kulichungua kosa hilo, maana linawaumiza vijana wetu.

Hatuidharau elimu ya juu. Nchi yahitaji waganga, waalimu, mahakimu na wahandisi, na kijana mwenye kipawa na hamu ya masomo hayo yapasa asaidiwe kwa nguvu zote. Tunalosema ni hili: kujifunza kazi kwa fundi ni njia njema ya maisha, hata kwa mtoto aliyefaulu vizuri. Lakini njia hiyo yataka kuchaguliwa kwa uangalifu ule ule ambao wazazi huutumia katika kuchagua chuo. Kumpeleka mtoto katika gereji ya kwanza iliyo karibu na nyumbani si kuchagua, bali ni kumtupa.

Mwanagenzi ni nani? Ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya fundi aliyekomaa, kwa muda uliowekwa na kwa mapatano yanayojulikana. Kijana anayeshinda gereji akitumwa chai na kuosha vyuma, wala hakuna amwelezaye kwa nini injini haiwaki, huyo si mwanagenzi. Ni mtumishi asiye na mshahara. Aweza kukaa hapo miaka minne, akatoka na mikono michafu na kichwa kitupu. Ndipo watu husema, "Mwaona? Ufundi haulipi." Kumbe hakufundishwa ufundi wo wote.

Hatari hiyo si ngeni. Katikati ya karne ya 19, mjini Turin, nchi ya Italia, Padre Yohane Bosco aliwaona vijana wa mashambani wakimiminika mjini kutafuta kazi, na wengi wao wakitumikishwa vibaya na mabwana wao. Hakuwahimiza wavumilie tu; alidai mapatano ya maandishi. Tarehe 8 Februari 1852 mkataba ulitiwa sahihi na fundi seremala, kijana mwanagenzi, baba yake, na Padre Bosco mwenyewe. Fundi alifungwa kumfundisha kijana kazi ya useremala, kumwonya kwa maneno wala si kwa mapigo, kumwacha huru siku za sikukuu, na kumlipa ujira. Kijana naye aliahidi utii, bidii na uangalifu. Karatasi moja tu, lakini ilimgeuza mtumishi kuwa mwanafunzi. Watawa wa shirika alilolianzisha wanaendesha vyuo vya ufundi hapa kwetu pia, kama vile Dodoma na Iringa.

Wala utaratibu huo haukuachwa na nchi zilizoendelea kwa viwanda. Huko Uswisi, yapata theluthi mbili ya vijana wanaomaliza elimu ya lazima hushika njia ya ufundi. Wengi wao huenda shule siku moja au mbili kwa juma, na siku zinazobaki hufanya kazi katika kampuni kwa muda wa miaka 3 au 4, wakilipwa. Apendaye kuendelea na masomo ya juu baadaye hafungiwi mlango.

Hapa Tanzania nako mlango haukufungwa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina vyeti vya ngazi tatu. Mwenye cheti cha ngazi ya tatu aweza kuomba kuendelea katika vyuo vya ufundi vya juu zaidi. Tena, fundi aliyejifunza kazini bila kukaa darasani aweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Mwaka 2017 serikali ilitoa mwongozo wa taifa juu ya uanagenzi. Wazazi wengi hawana habari ya mambo haya, kwa hiyo huhesabu njia moja tu.

Basi mfanye nini? Kwanza, mwulizeni mtoto, kisha mmsikilize. Wako vijana wanaosomea shahada wasiyoipenda kwa kuwa baba aliogopa maneno ya jirani. Shamba limeuzwa, au deni la Bodi ya Mikopo linasubiri kulipwa, na moyo wa kijana haumo. Swali la kuuliza si "Jirani watasemaje?" bali "Mtoto huyu ana kipawa gani?" Waulizeni mabinti pia: umeme na uchomeleaji si kazi za wavulana peke yao.

Pili, mchunguzeni fundi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazameni milango aliyoitengeneza na nyumba alizozitilia umeme. Waulizeni waliojifunza kwake: wako wapi leo, nao wanajitegemea?

Tatu, andikeni mapatano mbele ya mashahidi. Yataje muda wa kujifunza, kazi zitakazofundishwa, posho, siku za kupumzika, vifaa vya kujikinga, na nani atakayegharimia matibabu kijana akiumia. Fundi anayekataa kuandika lo lote amekwisha kuwajibu. Kumbukeni pia kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, nayo inawalinda walio chini ya miaka 18 na kazi za hatari.

Nne, asiache kitabu. Magari ya siku hizi yana kompyuta ndani yake, na fundi asiyejua hesabu wala kusoma mchoro atabaki kufunga na kufungua tu. Cheti kiwe shabaha tangu siku ya kwanza.

Tano, sehemu ya fedha mliyoiweka kwa ajili ya karo mnunulieni vyombo vyake vya kazi. Fundi asiye na vyombo hubaki kibarua wa mwenye vyombo.

Na vijana tunawaambia: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka wa kwanza ni wa kufagia, kutazama na kukosea. Kuvumilia kufundishwa si utumwa. Lakini asiyefundishwa aseme mapema nyumbani, wala wazazi wasimwite mvivu kabla ya kwenda kuona wenyewe.

Sisi tunaomheshimu Yosefu seremala, ambaye Papa Pius wa Kumi na Mbili alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi mwaka 1955, hatuna haki ya kumwonea haya kijana mwenye randa mkononi. La kuonea haya ni kumpeleka huko bila kumwuliza, bila mapatano, na bila kurudi kumtazama.